Safari ya taarifa za mwananchi ndani ya mifumo ya wingu, na mwenye wajibu wa kuzilinda

Kila siku wananchi hujaza taarifa zao katika mifumo ya kielektroniki: mhitimu anayeomba kazi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, mfanyabiashara anayewasilisha ritani ya kodi, mgonjwa anayepanga siku ya kumwona daktari. Mwishoni mwa fomu kuna kitufe cha kutuma. Kikishabonyezwa, Namba ya Utambulisho wa Taifa yenye tarakimu 20, namba ya simu, jina la mama, cheti cha kuzaliwa na pengine majibu ya vipimo vya hospitali huondoka mikononi mwa mwenyewe na kuingia katika kompyuta ambazo hajawahi kuziona, na ambazo mara nyingi hazimilikiwi hata na taasisi aliyoijazia fomu.

Taarifa hizo hupita wapi, hutunzwa vipi na nani anawajibika zikivuja ni maswali ambayo sasa yana majibu ya kisheria nchini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka msingi mmoja ambao ni vyema ukaeleweka kabla ya kuingia katika masuala ya kiufundi: taasisi iliyokusanya taarifa haijivui wajibu wa kuzilinda kwa sababu tu imezipeleka kwenye kompyuta za kampuni nyingine.

Nyumba moja, wapangaji wengi

Neno wingu humfanya msikilizaji adhani kuwa taarifa zinaelea hewani. Ukweli ni kwamba zipo kwenye diski, ndani ya seva, ndani ya jengo lenye anwani, umeme, viyoyozi na walinzi. Kilichobadilika ni umiliki. Jengo ni la mtoa huduma, naye hukodisha uwezo wa kompyuta zake kwa wateja wengi kwa wakati mmoja na kutoza kulingana na matumizi, kama mteja wa umeme anavyolipia uniti alizotumia bila kumiliki bwawa linalozalisha umeme huo. Kampuni ya Amazon ilianza kuuza huduma ya namna hiyo mwaka 2006. Septemba 2011, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa tafsiri ambayo hadi leo inanukuliwa sana, ikizigawa huduma hizo katika ngazi tatu: kukodi mitambo mitupu, kukodi jukwaa la kutengenezea programu, na kukodi programu iliyokwisha kutengenezwa. Barua pepe ya Gmail ni mfano wa ngazi ya tatu.

Nchini Tanzania, Serikali ina miundombinu yake, kikiwemo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, NIDC, kilichopo Kijitonyama jijini Dar es Salaam, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, husimamia viwango vya mifumo ya taasisi za umma kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao ya Mwaka 2019. Upande wa sekta binafsi hali ni mchanganyiko. Shule, zahanati, kampuni za bima, vyama vya akiba na mikopo na maduka ya mtandaoni wanaweza kukodi wingu la kampuni ya nje, ambayo seva zake zinaweza kuwa Ulaya, Marekani au Afrika Kusini. Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Amazon ikafungua vya kwake Cape Town mwaka 2020.

Mfano ulio karibu zaidi na wingu ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ni mmoja, paa ni moja, lakini kila mpangaji ana chumba na ufunguo wake. Hospitali na duka la nguo wanaweza kutumia seva ileile, programu ileile, na wakati mwingine hata kanzidata ileile, huku kila rekodi ikiwa na alama inayoonesha ni ya mteja gani. Programu ndiyo inayozuia mmoja asione cha mwenzake. Ukuta huo wa programu ukijengwa vizuri ni imara. Ukijengwa ovyo, kubadili tarakimu moja katika anwani ya ukurasa kunatosha kumfikisha mtu kwenye rekodi isiyo yake. Mwaka 2019 tovuti ya kampuni ya First American ya Marekani, inayoshughulikia nyaraka za ununuzi wa nyumba, ilibainika kuwa na kasoro ya aina hiyo hiyo. Mafaili takribani milioni 885, yakiwemo ya akaunti za benki na namba za hifadhi ya jamii, yaliweza kufikiwa na yeyote aliyebadili namba katika anwani. Hakuna aliyehitaji kudukua chochote.

Taarifa inavyosafiri na inavyotunzwa

Hatua ya kwanza ni safari. Taarifa iliyoandikwa kwenye simu janja au kompyuta hupita katika minara, mikongo na vifaa vya watoa huduma kadhaa kabla ya kufika kwenye seva. Ili njiani isisomwe na mtu mwingine, hufanyiwa usimbaji fiche, yaani hugeuzwa kuwa mfuatano wa alama zisizo na maana kwa asiye na ufunguo wa kuzirejesha katika hali yake. Itifaki inayofanya kazi hiyo huitwa TLS, na toleo lake la 1.3 lilichapishwa mwaka 2018. Alama yake kwa mtumiaji ni herufi https mwanzoni mwa anwani, ambazo vivinjari vingi vimezoea kuziambatanisha na picha ya kufuli.

Kufuli hiyo hueleweka vibaya na watu wengi. Inathibitisha kwamba mawasiliano kati ya simu ya mtumiaji na tovuti husika yamefichwa, lakini haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Tapeli anaweza kupata cheti cha kufuli bila malipo na kwa dakika chache. Kwa huduma za Serikali ya Tanzania, cha kuangaliwa ni mwisho wa jina la tovuti, ambao ni .go.tz. Jina la taasisi likiandikwa kwa usahihi lakini likafuatiwa na mwisho mwingine, hiyo ni sababu ya kutosha ya kusita.

Taarifa inapofika kwenye seva, programu iliyotengenezwa kwa umakini haiiamini. Huikagua kwanza: je, namba ya simu ina tarakimu tu, je, tarehe ya kuzaliwa inawezekana, je, faili lililopakiwa kweli ni picha? Ukaguzi huo una sababu za kiusalama zaidi ya unadhifu wa rekodi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 inafahamika kwamba mtu anaweza kuandika amri ya lugha ya SQL, inayotumiwa na kanzidata nyingi, ndani ya kisanduku kilichokusudiwa kuandikiwa jina, na mfumo usio makini ukaitekeleza amri hiyo na kumwaga rekodi zote. Dawa yake ni ya zamani na rahisi: kuitenganisha amri ya mfumo na maneno aliyoandika mtumiaji, ili maneno hayo yasomwe kama maandishi tu, vyovyote yatakavyokuwa. Kwamba kasoro hiyo bado inakutwa katika mifumo mipya ni jambo linaloelezeka kwa uzembe kuliko kwa ugumu wa teknolojia.

Baada ya hapo taarifa huandikwa kwenye diski, nako hufichwa tena. Kanuni inayotumika kwa wingi ni AES, iliyobuniwa na wataalamu wawili wa Ubelgiji, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa na NIST kuwa kiwango rasmi mwaka 2001. Ufunguo wake mrefu zaidi una biti 256, na hadi sasa haijulikani njia yoyote ya vitendo ya kuuvunja kwa kujaribu funguo moja baada ya nyingine. Mwizi akiichomoa diski kwenye seva na kuondoka nayo, atakuwa amebeba kipande cha chuma tu.

Nywila hutendewa tofauti na taarifa nyingine zote. Mfumo mzuri hauhifadhi nywila kabisa, hata kwa kuificha. Huipitisha katika hesabu ya upande mmoja inayotoa mfuatano wa alama uitwao heshi, na kutoka kwenye heshi hiyo hakuna njia ya kurudi kwenye nywila. Mtumiaji akiingia siku nyingine, mfumo hurudia hesabu na kulinganisha matokeo. Kabla ya hesabu huongezwa herufi za kubahatisha, tofauti kwa kila mtumiaji, ambazo wataalamu huziita chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasipate heshi moja. Mtandao wa LinkedIn haukuwa umetia chumvi hiyo wakati heshi milioni 6.5 za watumiaji wake zilipowekwa hadharani mwaka 2012, hivyo nyingi zilitambuliwa upesi. Mwaka 2016 ikabainika kwamba zilizoibwa zilizidi milioni 100. Kutokana na utaratibu huu, mwananchi ana kipimo kimoja rahisi cha kupimia mfumo wowote: akibonyeza sehemu ya kusahau nywila, kisha akatumiwa nywila yake ya zamani kama ilivyokuwa, basi mfumo huo unaitunza isivyostahili. Mfumo makini humtumia kiungo cha kutengeneza nywila mpya, kwa sababu ya zamani wenyewe hauijui.

Nani ameshika ufunguo

Taarifa ikishafichwa, usalama wake wote huhamia kwenye ufunguo. Kuuweka ufunguo katika seva ileile yenye taarifa ni sawa na kufunga mlango na kuacha funguo kwenye kitasa. Kwa sababu hiyo watoa huduma wakubwa hutumia funguo za ngazi mbili. Kila fungu la taarifa hufichwa kwa ufunguo wake, kisha ufunguo huo nao hufichwa kwa ufunguo mkuu. Ufunguo mkuu hukaa katika kifaa maalumu kilichotengenezwa ili usiweze kunakiliwa nje. Programu inapohitaji kusoma rekodi, hupeleka ombi kwenye kifaa hicho, ombi huandikwa katika kumbukumbu za matukio, na kama mwombaji ana ruhusa, ufunguo mdogo hufunguliwa.

Taasisi inayokodi wingu inaweza kumwachia mtoa huduma ashike ufunguo mkuu, au kuushika yenyewe. Njia ya kwanza ni nyepesi na ndiyo inayochaguliwa na wengi. Ya pili inahitaji wataalamu na nidhamu, maana ufunguo ukipotea taarifa zimepotea pamoja nao. Hata hivyo ina faida kubwa kwa taasisi zenye taarifa nyeti: taasisi ikiamua kuondoka kwa mtoa huduma, huharibu ufunguo, na nakala zote zilizobaki kwake hugeuka takataka, popote zilipo. Katika mikataba ya TEHAMA, swali la nani atashika ufunguo mkuu linastahili kuulizwa mapema, pamoja na lile la bei.

Kufuta taarifa ni jambo la polepole kuliko mtumiaji anavyodhani. Rekodi iliyofutwa kwenye skrini hubaki kwa muda katika nakala rudufu. Google, kwa mfano, inaeleza katika sera yake kwamba ufutaji kamili kutoka kwenye mifumo yake huchukua takribani miezi miwili, na nakala rudufu zinaweza kudumu hadi miezi sita.

Mahali ambapo taarifa huvujia kweli

Mtu akisoma maelezo hayo ya usimbaji na funguo anaweza kushawishika kwamba taarifa zilizo kwenye wingu haziibiki. Matukio makubwa ya miaka ya karibuni yanaonesha kuwa wezi hawahangaiki kuvunja usimbaji. Huingia kwa mlango.

Tukio la benki ya Capital One ya Marekani ndilo linalofundisha zaidi. Julai 2019 benki hiyo ilitangaza kuwa taarifa za watu takribani milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Canada, wengi wao waombaji wa kadi za mkopo, zilikuwa zimechukuliwa kutoka kwenye wingu la Amazon ilikokuwa inazihifadhi. Mitambo ya wingu yenyewe haikuwa imevunjwa. Kifaa cha ulinzi kilichowekwa na benki kwa ajili ya kuchuja mawasiliano kilikuwa kimepangwa vibaya, na mvamizi akakitumia kujipatia vitambulisho vya muda vya mfumo. Vitambulisho hivyo vilikuwa na ruhusa pana kupita kazi yake, ikiwemo ruhusa ya kusoma hifadhi zilizojaa maombi ya wateja. Taarifa zilikuwa zimefichwa, lakini kwa kuwa mfumo ulimwona mvamizi kama mtumiaji halali, ulizifungua mwenyewe na kumkabidhi. Wizi ulifanyika mwezi Machi na benki ikaujua Julai, tena baada ya kutonywa na mtu wa nje. Agosti 2020 mdhibiti wa benki nchini humo aliitoza faini ya Dola za Marekani milioni 80, akieleza kuwa ilihamia kwenye wingu bila kufanya tathmini ya kutosha ya hatari zake.

Watoa huduma huutaja mgawanyo huo wa kazi katika mikataba yao. Mtoa huduma hulinda jengo, umeme, mitambo na programu za msingi. Mteja hulinda anachokiweka ndani: nani ana ruhusa gani, hifadhi ipi iko wazi kwa umma, nani anazisoma kumbukumbu za matukio. Mwenye nyumba hujenga kuta na kuweka geti. Mpangaji akiacha mlango wa chumba chake wazi, geti halitamsaidia sana. Ugumu ni kwamba mipangilio ya wingu ni mingi na hubadilika mara kwa mara, na katika taasisi ndogo aghalabu hushughulikiwa na ofisa mmoja wa TEHAMA ambaye pia hutengeneza printa.

Tukio la pili ni la mwaka 2024, na halihitaji maelezo marefu. Wateja wa Snowflake, kampuni inayotoa huduma ya kanzidata kwenye wingu, walianza kuibiwa taarifa mmoja baada ya mwingine, na taasisi takribani 165 zikajulishwa kuwa huenda zimeathirika. Uchunguzi ulibaini kuwa wavamizi waliingia kwa majina na nywila halisi, zilizoibwa na programu hasidi kwenye kompyuta za wafanyakazi, baadhi tangu mwaka 2020. Nywila hizo zilikuwa hazijabadilishwa, na akaunti zilizoathirika hazikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili, ule wa kutuma namba ya siri kwenye simu ya mtumiaji au kuitoa kwenye programu maalumu. Hatua ya pili ni kero ya sekunde kumi. Bila hiyo, nywila moja iliyoibwa miaka minne nyuma ilitosha.

Umbali, moto na mikongo ya baharini

Ulinzi wa taarifa ni pamoja na kuhakikisha zinapatikana zinapohitajika. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo la jirani. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini baadhi ya wateja walipoteza kila kitu, kwa kuwa nakala zao rudufu zilikuwa katika eneo lilelile la moto. Wengi walidhani kuwa neno wingu lilimaanisha nakala zipo kila mahali. Nakala huwepo mahali palipolipiwa na kuandikwa katika mkataba, si kwingine.

Kwa ukanda wa Afrika Mashariki kuna suala jingine. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma ya intaneti ikayumba nchini Tanzania na katika nchi jirani. Taarifa zilizokuwa ng'ambo zilibaki salama, ila kuzifikia kukawa kwa shida. Mfumo wa hospitali au wa malipo unaotegemea seva zilizo nje ya nchi unapaswa kuwa na namna ya kuendelea na kazi katika siku kama hiyo, na hii ni mojawapo ya hoja za kuhifadhi taarifa muhimu ndani ya nchi.

Sehemu dhaifu ipo kabla ya wingu

Yote yaliyoelezwa hadi hapa huanza pale kitufe cha kutuma kinapobonyezwa. Kwa Watanzania wengi hatua ya hatari zaidi hutangulia kitufe hicho. Mwanafunzi asiye na kompyuta huenda steshenari, humpa mhudumu kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, na mhudumu humfungulia akaunti ya barua pepe, humchagulia nywila, huiandika pembeni ya daftari na kujaza maombi. Mwisho wa siku kompyuta ya steshenari ina nakala za vyeti vya watu kadhaa, na kivinjari chake kimehifadhi nywila zao. Wahudumu hawa hutoa msaada wa kweli, na bila wao maombi mengi yasingetumwa. Lakini hakuna usimbaji wowote unaoweza kulinda nywila inayojulikana na mtu wa pili.

Anayelazimika kutumia huduma hiyo anaweza kupunguza hatari kwa mambo machache. Nywila aiandike mwenyewe kwa mkono wake. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, akatae. Amalizapo atoke kwenye akaunti, na aombe vivuli vya vyeti vifutwe kwenye kompyuta mbele yake, pamoja na kwenye pipa la takataka la kompyuta hiyo. Namba ya simu itakayosajiliwa iwe yake, siyo ya mhudumu, kwa kuwa namba za uthibitisho hutumwa huko. Akifika mahali penye kifaa anachokiamini, abadili nywila.

Hali inayofanana na hiyo ipo maofisini. Orodha ya wateja au wagonjwa inayotumwa kwa WhatsApp ili kuokoa muda huwa imetoka nje ya ulinzi wote ambao taasisi imeulipia. Kwa watumishi wa umma upo Mfumo wa Barua Pepe Serikalini kwa ajili ya mawasiliano ya kikazi, na matumizi ya barua pepe binafsi kwa nyaraka za ofisi hayana sababu.

Sheria inavyogawa wajibu

Haki ya faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Sheria ya mwaka 2022 ndiyo iliyoipa haki hiyo utaratibu kwa upande wa taarifa, na kuanzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024 jijini Dar es Salaam.

Sheria hiyo inawatambua watu wawili ambao ndani ya wingu huchanganywa kirahisi. Wa kwanza ni mkusanyaji, yaani anayeamua taarifa zipi zichukuliwe na kwa madhumuni gani. Wa pili ni mchakataji, anayezishughulikia taarifa hizo kwa niaba ya mkusanyaji. Hospitali ni mkusanyaji. Kampuni ya wingu inayohifadhi mafaili ya hospitali hiyo ni mchakataji. Wote wawili wanatakiwa kusajiliwa na Tume, na taarifa zinatakiwa kukusanywa kwa kusudi lililo wazi, zisizidi mahitaji ya kusudi hilo, na zisitunzwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Sharti la kutozidi mahitaji lina uzito wa kiusalama kuliko linavyoonekana, kwa sababu taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuvuja. Fomu ya kujiunga na maktaba haina haja ya kuuliza dini ya msomaji.

Usalama ukivunjwa, mkusanyaji anapaswa kuiarifu Tume. Taarifa kama za afya zimewekwa katika kundi la taarifa binafsi nyeti na zina masharti makali zaidi. Kuzipeleka taarifa nje ya nchi hakukukatazwa, ila kuna masharti. Hutazamwa kama nchi inayozipokea ina ulinzi unaotosheleza, na kanuni za mwaka 2023 zinataka kuombwa kwa kibali cha Tume. Majirani kadhaa wana sheria zao, zikiwemo za Kenya na Uganda za mwaka 2019 na ya Rwanda ya mwaka 2021, hivyo kampuni inayofanya kazi katika nchi zaidi ya moja hulazimika kujua rekodi za kila nchi ziko kwenye seva zipi.

Kuhusu adhabu, mtu anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi Shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au shirika faini inaweza kufikia Shilingi bilioni 5.

Mwananchi kwa upande wake ana haki ya kujulishwa taarifa zake zinakusanywa kwa sababu gani, kuziona, kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, kuzuia zisitumike kwa matangazo ya biashara, na kudai fidia akipata madhara. Anayeamini kuwa taarifa zake zimetumika isivyo halali anaweza kuiandikia kwanza taasisi iliyozikusanya, akitaja tarehe, mfumo alioutumia na kilichotokea, na kuhifadhi nakala ya barua hiyo pamoja na picha za skrini au ujumbe alioupokea. Asiporidhika na majibu, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ina mamlaka ya kuchunguza, kutoa amri ya kurekebisha na kutoza faini. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.